Kulala gesti ukiwa kwenu

Ndugu msomaji, wewe unayefanya kazi mjini na kwenu ni mahali pengine, bila shaka umekwisha kuulizwa swali hili kila mwisho wa mwaka unapokaribia: “Mtafikia wapi?” Ni swali dogo, la kupitisha muda. Mwenzako ofisini hukuuliza huku akikoroga sukari katika chai, nawe hujibu bila kufikiri, “Nyumbani,” na mazungumzo yakahamia kwenye nauli. Desemba iliyopita mimi nilijibu vingine. Nilisema tutafikia gesti. Wenzangu watatu waliokuwa pale mezani walinyamaza kwanza, kisha mmoja wao akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna ugomvi wa mirathi.

Hapakuwa na ugomvi wowote. Kwetu ni Likombe, moja ya kata za Manispaa ya Mtwara Mikindani. Mama yangu alikwisha kufariki, lakini kaka yake, yaani mjomba wangu aliyenilea tangu nikiwa na umri wa miaka tisa, yu hai. Ana nyumba yake, ana mke wake, ana shamba lake la mikorosho. Nawe unajua, au kama hujui nakueleza, kwamba katika makabila mengi ya kusini, Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mpwa wake. Mtu wa aina hiyo humwambii kwa wepesi kwamba utalala kwa kulipa, mwendo wa robo saa kutoka mlangoni pake.

Kilichotupeleka gesti ni moshi. Yapasa niueleze moshi huo vizuri, maana wengi wetu tuijuayo korosho ikiwa imekwisha kuwa nyeupe na kutiwa chumvi hatujui imepita wapi. Ganda la korosho ghafi lina mafuta makali yaunguzayo ngozi. Wale wanaobangua nyumbani kwa mikono huzikaanga kwanza juu ya moto wa kuni, katika karai au kipande cha bati kilichotobolewa, mpaka mafuta yachuruzike na maganda yenyewe yashike moto. Hapo humwagwa chini na kufunikwa mchanga au majivu, na zikishapoa hugongwa moja moja. Moshi utokao pale ni mzito, mweusi, wenye kuwasha macho na kukaba koo, na mtu akiuzoea husahau kwamba unakaba. Vidole vya mkaza mjomba wangu vimebadilika rangi kwa kazi hiyo, havitakati tena kwa sabuni yoyote. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika moshi huo, na ada ya mwaka wa kwanza wa chuo cha uandishi wa habari vile vile.

Sasa, binti yangu wa pili, mwenye umri wa miaka saba, ana pumu. Miaka miwili iliyopita tulilala kwa mjomba siku tatu, na usiku wa tatu pumzi zikamwishia. Tulimpeleka hospitali saa nane za usiku kwa pikipiki, mimi nimemshika mbele, mama yake akifuata kwa pikipiki ya pili na khanga begani. Alitiwa hewa ya mtungi mpaka kukapambazuka. Daktari hakusema maneno mengi. Alisema tumtenge na moshi, hasa nyakati za usiku, na akaongeza kwamba bahati haizoeleki.

Basi mwaka jana nilimpigia mjomba simu mapema, mwezi wa Oktoba, nikamweleza yote haya kwa heshima na kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Haya,” akakata simu.

Safari yenyewe siisimulii. Ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam, na yeyote aliyewahi kungoja kivuko cha Rufiji kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 atakuambia kwamba sisi wa leo hatuna haki ya kulalamika. Tulifika tarehe 23 jioni, watoto wamelala juu ya mizigo.

Neno gesti, ndugu msomaji, lina doa, na tusijifanye hatulijui. Hoteli katika Kiswahili chetu cha kila siku ni mahali pa kula. Ukimwambia mtu wa Mtwara kwamba uko hotelini, atakuuliza umeagiza nini. Gesti ndiko kunakolalwa, na si wote waendao huko huwa wana usingizi. Binti wa mapokezi alitutazama, mimi, mke wangu, watoto watatu, mabegi manne na ndoo ya maembe tuliyonunua njiani, na kwa mazoea tu ya kazi yake akauliza, “Mnapumzika au mnalala?” Mke wangu alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Nikajibu kwamba tunalala, siku 10. Binti yule akainuka kitini kabisa kwa furaha.

Akanipa daftari la wageni nilijaze. Jina. Kazi. Namba ya kitambulisho. Utokako: Dar es Salaam. Uendako: nikaandika Likombe. Akalisoma daftari kichwa chini, akacheka. “Kaka, Likombe ndiyo hapa.” Nikamwambia aache hivyo hivyo.

Nyumba ile ina vyumba tisa. Tulipewa viwili vinavyopakana, namba 6 na namba 7, kila kimoja shilingi 25,000 kwa usiku. Palikuwa na feni, chandarua cha rangi ya bluu, kandambili jozi moja ambazo hazikufanana, na tangazo ukutani la kuwakumbusha wageni kuacha chumba ifikapo saa nne asubuhi. Palikuwa safi. Nasema hivyo kwa mkazo kwa sababu tunazo desturi za kuzicheka gesti zetu, ilhali binti yule alipiga deki kila alfajiri kabla hatujaamka, na siku tulipomweleza habari ya pumu alichukua chetezo cha udi alichokuwa akikipitisha ukumbini kila jioni akakihamishia nyuma ya nyumba, bila kuombwa mara ya pili.

Mwenye nyumba, mzee mmoja mcheshi, alinieleza kwamba alianza kujenga katika ile miaka ambayo kila mtu Mtwara alikuwa akizungumzia gesi. Wageni walikuwa wengi, mafundi na wahandisi na watu wa kampuni, na bei ya kiwanja ilikuwa ikipanda kila wiki. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, mafundi wakafunga mizigo yao, naye akabaki na vyumba tisa. “Korosho ndizo zinazonilisha,” alisema. Wanunuzi na madereva wa malori hujaa msimu unapochanganya. Wakishaondoka, hungoja harusi na misiba. Familia iliyokuja kukaa likizo hakuwahi kuipata. Nadhani alitupunguzia bei ya siku ya mwisho kwa sababu hiyo tu, kwamba tulikuwa kitu kipya.

Asubuhi ya tarehe 24 tulikwenda kwa mjomba.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Karibuni, wageni.”

Akamtuma kijana kwa jirani kuazima viti vya plastiki. Ndugu msomaji, katika ua ule mimi sijapata kukaa kwenye kiti maishani mwangu. Mahali pangu ni mkekani chini ya mwembe, au juu ya kinu kilicholazwa ubavu. Viti vikaja vitatu, vikapanguswa vumbi, tukaketi kwa safu kama tuliokuja kuposa. Kisha tukaletewa soda. Katika nyumba ile soda hununuliwa kwa ajili ya bwana shamba na mwalimu mkuu. Mjomba alimuuliza mke wangu habari za Dar es Salaam, akamuuliza habari za kazi, akamuuliza habari za mvua, na kila alipojibiwa alisema, “Vizuri.” Hakumtania hata yule binti yangu mdogo, ambaye tangu azaliwe hamwiti ila “mke wangu.” Tuliaga baada ya saa moja na nusu. Alitusindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hufanyiwa mgeni.

Nilipokuwa nikirudi nilikumbuka habari niliyoisoma nikiwa chuoni, ya Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyepita pwani yetu mwaka 1331. Ameeleza desturi aliyoikuta Mogadishu. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji walitoka kwa mashua wakiwa na sahani za chakula zilizofunikwa. Kila mmoja akamkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni yule hakulala kwingine ila kwa mwenyeji wake, na biashara zake zote zilipitia kwake. Ila, akasema Ibn Battuta, aliyekwisha kuuzoea mji na kuwajua watu wake, huyo aliweza kufikia apendapo. Kifungu hicho cha mwisho nilitamani nimsomee mjomba. Nilijua asingenishukuru.

Siku ya tatu nilikwenda shambani alfajiri. Kule kwetu mvua huanza Desemba, na wakati wengine nchini wanapiga picha za sikukuu, kusini watu wanapanda mahindi na mbaazi na njugu mawe. Nilikuta mjomba amekwisha kumaliza matuta mawili. Nikashika jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye mkorosho. Akaja, akalichukua mkononi mwangu taratibu, akasema, “Wewe umevaa viatu vya safari.” Nikakaa kivulini kama mkaguzi. Mkaza mjomba, aliyekuwa akifukia mbegu kwa unyayo, alinisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo mjomba alikuwa amemkataza kulisema: kwamba chumba kile kipya upande wa kulia wa nyumba, nilichodhani ni ghala la korosho, kilijengwa kwa fedha za msimu uliopita kwa ajili yetu. Kina bati jipya. Kina kitanda cha tano kwa sita, na godoro lake bado limo ndani ya mfuko wa dukani. Mjomba alianza kukijenga mwezi ule ule tulipoondoka na mtoto akiwa mgonjwa, akiamini kwamba kilichomdhuru mtoto ni kulala watu wengi katika chumba kimoja.

Aliponieleza hayo alikohoa. Akasema ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na shamba zima halikuwa na vumbi.

Mke wangu, nilipomsimulia, hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba tungeweza kulala kule usiku mmoja tu, milango ikiwa wazi. Nikamkatalia. Nakuambia haya, ndugu msomaji, kwa kuwa najua wapo watakaoona kwamba fadhila ya chumba kizima ilistahili usiku mmoja. Jiko la kukaangia korosho liko hatua 15 kutoka dirisha la chumba kile, na mapafu ya mtoto hayajui shukurani.

Tarehe 27 niliwapeleka watoto Mikindani, maana siku za namna hii zinahitaji mahali pa kwenda. Mji ule ni mdogo leo, lakini ulikuwa bandari wakati Mtwara yenyewe ilikuwa bado haijawa mji. Livingstone aliteremka hapo mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara, ambayo hakurudi nayo hai. Juu ya kilima kidogo lipo Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895. Serikali za kikoloni zilipita, jengo likachakaa, mpaka shirika moja la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati na kulifanya hoteli, na vijana wa hapo wakafundishwa humo kazi za uhudumu. Tulipanda, tukaagiza soda za watoto, tukaketi barazani tukitazama ghuba.

Meza ya pili walikaa mume na mke, Waingereza wastaafu, wachangamfu. Nilipowaeleza kwamba mimi ni mwenyeji na nimelala gesti, hawakuona ajabu yoyote. Yule mama alisema kwamba kila Krismasi, ila ile moja tu waliyokuja Mtwara, wao hulala siku nne katika hoteli ndogo ya kijijini kwao Uingereza, yenye vyumba vichache juu na baa chini, moto umewashwa ukutani. Binti yao anakaa mwendo wa dakika 20 kwa gari kutoka hapo. Huenda kwake kula mchana, jioni wakarejea hotelini. “Na binti hanung’uniki?” niliuliza. Yule mama akacheka. “Hushukuru,” alisema. “Nasi hushukuru.”

Nimeifikiria sana cheko ile. Wao wana mazoea ya karne nyingi ya nyumba za wasafiri. Sheria yao ya kale imemtaka mwenye nyumba ya namna hiyo ampokee msafiri yeyote mwenye uwezo wa kulipa, maadam chumba kipo. Mtu kulipia malazi kwao hakumvunjii mtu mwingine heshima, kwa kuwa malazi hayakuwa deni la ndugu tangu mwanzo. Kwetu ni deni, na anayedaiwa huumia ukikataa kulipwa.

Jioni ya tarehe 29 mjomba alikuja gesti. Alikuwa amevaa kanzu na koti, nguo za kwendea kwenye baraza la usuluhishi. Binti wa mapokezi, kwa kufuata masharti, alimwambia kwamba wageni wa wageni husubiri ukumbini. “Mimi si mgeni wa mgeni,” alisema mjomba, lakini akakaa. Nilipotoka chumbani nilimkuta ameanza mahojiano.

“Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa siku ya tatu mtu anapewa nini?”

“Shuka safi, babu.”

“Akikaa mwezi?”

“Shuka safi.”

“Na mwaka?”

“Hata miaka miwili, babu. Mradi analipa.”

Mjomba akanigeukia. “Basi humu mtu hafiki,” alisema.

Alitaka kuona tulipolala. Binti yule, baada ya kunitazama, akamruhusu. Mjomba alibonyeza godoro, akavuta chandarua, akaniuliza bei. Nikaitaja. Alinyamaza akipiga hesabu, na mimi nilijua anahesabu kwa kilo: kwa bei aliyouzia msimu ule, kila chumba kilikula kama kilo nane za korosho kwa usiku mmoja. Hakusema kitu. Ndipo binti yangu alipomkimbilia na kile kipulizio chake cha dawa, akamwonyesha namna ya kukitikisa na kukitia mdomoni. “Babu, hii ndiyo pumzi yangu,” alimwambia. Mjomba akakipokea, akakitikisa alivyoelekezwa, akabonyeza. Dawa ikatoka fyuu hewani. Alishtuka kama aliyevunja chungu cha watu. Aliuliza mara tatu ni pumzi ngapi alizozipoteza na zinagharimu kiasi gani, na mtoto akamhakikishia kwamba zimebaki nyingi. Akamwuliza, “Na usiku ule kwangu, hii hukuwa nayo?” Mtoto akajibu kwamba alikuwa nayo, lakini ilikataa.

Alikaa kitandani muda, kipulizio kikiwa kiganjani, akikitazama. Aliniuliza kama moshi ule humdhuru mtoto peke yake au na mtu mzima. Nikamwambia nilivyoelezwa na daktari, kwamba humdhuru kila mtu, ila mtoto hukawilishwa kidogo kuliko wengine. Alitikisa kichwa. Aliondoka bila kuketi tena ukumbini, ila mlangoni alimwita binti yangu “mke wangu,” akamwambia ajifunze kupika.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, kijana wa mjomba alifika gesti kwa baiskeli, na sufuria ya wali wa nazi na kuku nyuma, imefunikwa kawa na kufungwa kwa kitambaa. Binti wa mapokezi alisema chakula cha nje hakiruhusiwi vyumbani, kwa hiyo tulikila ukumbini, yeye na mwenye nyumba wakiwa pamoja nasi. Kijana alikuwa na ujumbe: kesho saa kumi na mbili jembe langu litakuwa mlangoni, nije bila viatu vya safari. Nililima siku mbili. Viganja vilichubuka, na mjomba alivicheka kwa haki.

Tangu turudi amenipigia simu mara mbili, naye si mtu wa simu. Mara ya kwanza alisema wamelihamishia jiko la korosho shambani, ng’ambo ya mihogo, ingawa upepo wa kaskazi hauna adabu na siku nyingine huurudisha moshi nyumbani. Mara ya pili alitaka kujua kama dirisha la chumba kile lizibwe au lipanuliwe, nimwulize daktari. Nilimuuliza habari za kikohozi cha mkaza mjomba, akasema hataki kwenda kupimwa, anasema ana kazi. Tumekubaliana nitakwenda mwenyewe mwezi wa Sita, nimpeleke.

Daktari naye amesema dirisha lipanuliwe, lakini juu ya mtoto kulala huko hakutoa jibu. Amesema tuone kwanza. Na juzi binti wa gesti amenitumia ujumbe akiuliza kama mwezi wa Desemba atuwekee tena namba 6 na namba 7. Bado sijamjibu.